Walter Rodney: Profesa aliyeandikwa hana kazi kwenye cheti cha kifo

Cheti cha kifo cha Walter Rodney kilikuwa na uongo mara mbili, na uongo huo ulikaa hapo miaka 41 bila mtu kuufuta. Pale kwa kazi, iliandikwa kwamba marehemu hakuwa na kazi. Pale kwa sababu ya kifo, ikaandikwa ni bahati mbaya.

Sasa hebu skia huyu mtu asiye na kazi alikuwa nani. Alipata PhD akiwa na miaka 24. Alifundisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Jamaica. Siku aliyokufa, tarehe 13 Juni 1980, alikuwa na miaka 38 na ameshaandika kitabu ambacho baadaye kingeshinda tuzo ya wanahistoria wa Marekani. Na hiyo bahati mbaya yenyewe ilikuwa bomu. Lilifichwa ndani ya redio ya mkononi, ile ya kuongea kama ya masoja, likamlipukia mapajani akiwa ndani ya gari.

Wengi wetu huku tunamjua kwa kitabu kimoja tu, How Europe Underdeveloped Africa cha 1972. Kama ulipitia chuo, lazima ulikipata, kama si kwa fotokopi iliyochakaa basi kwa yule msee wa mwaka wa tatu ambaye hangemaliza mjadala bila kukitaja. Kitabu ni kizito, hatubishi. Lakini kuna kazi yake nyingine ambayo haipigiwi kelele sana, na ndiyo aliifanya wakati mfuko umekauka na makarao wanamfuata kila kona. Alikuwa anaokoa historia ya vibarua na wahamiaji wa kwao Guyana, watu ambao wakubwa waliwaandika tu kama hesabu ya mali.

Guyana iko Amerika Kusini, pale juu, imepakana na Venezuela, Brazil na Suriname. Ukishuka huko unaweza kudhani ulipanda ndege isiyo yako. Watu wanaongea Kiingereza, wanacheza kriketi, na wengi wao ni wa asili ya Kihindi au ya Kiafrika. Kuna pia waliotoka Uchina na wengine wenye damu ya Kireno kutoka kisiwa cha Madeira. Ukiwatoa wenyeji asilia waliokuwa huko tangu zamani, karibu wote waliobaki mababu zao waliletwa na kitu kimoja: sukari.

Rodney alizaliwa mji mkuu, Georgetown, tarehe 23 Machi 1942. Buda alikuwa fundi wa nguo, mathe naye alikuwa mshonaji, kwa hivyo ni mtoto wa cherehani kabisa. Siasa ilimpata mapema. Mwaka 1953, akiwa na miaka 11, alikuwa anazungusha makaratasi ya kampeni za chama cha PPP mitaani. Chama hicho kilikuwa na kitu ambacho Guyana haikuwahi kuona: kiongozi wake Mhindi, Cheddi Jagan, na kando yake Mwafrika, Forbes Burnham, wakiomba kura pamoja. Walishinda. Waingereza waliwavumilia siku 133, kisha wakaleta wanajeshi na kuifuta serikali. Hiyo ilikuwa Oktoba 1953, wakati huku Kenya Hali ya Hatari ilikuwa imepamba moto. Mkoloni alikuwa na shughuli pande zote.

Baada ya hapo Jagan na Burnham wakakosana, kila mtu akaenda na watu wake. Kufikia miaka ya mwanzo ya sitini, Wahindi na Waafrika walikuwa wanachomeana nyumba na kuuana. Mtoto aliyekuwa amezungusha makaratasi ya umoja akakua akiangalia nchi ikigawanyika hivyo. Weka hiyo akilini, kwa sababu ndiyo inaeleza mambo mengi aliyokuja kufanya.

Vitabuni alikuwa moto. Alipata nafasi ya kusoma bure Queen's College, shule ya vichwa vya Georgetown. Akaenda chuo kikuu cha West Indies pale Mona, Jamaica, akamaliza 1963 na digrii ya daraja la kwanza katika historia. Akavuka hadi London, na 1966 akawa daktari wa falsafa. Utafiti wake ulikuwa juu ya pwani ya Afrika Magharibi wakati wa biashara ya utumwa, na ilibidi ajifunze Kireno na Kihispania ndio asome kumbukumbu za Lisbon na Seville. Hapo ndipo alipojua jinsi ya kubana karatasi ya mnunuzi wa watumwa mpaka itoe habari za mtumwa mwenyewe.

Kazi ya kwanza ikawa Dar es Salaam, 1966. Mwaka 1968 akarudi Jamaica kufundisha, lakini hakukaa ofisini. Alikuwa anashuka mitaa ya watu wa chini Kingston, anakaa chini na Marasta na vijana wasio na mboka, anawaeleza historia ya Afrika na kuwaskiza. Gava ya Jamaica ikaingiwa na baridi. Oktoba mwaka huo alitoka kwenye mkutano Canada, ndege ikatua Kingston, na hakuruhusiwa kushuka. Kesho yake wanafunzi wakamwagika barabarani, watu wa mitaa wakajiunga, na Kingston ikawaka. Jamaa hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja kazini.

Akarudi Tanzania 1969 na kukaa hadi 1974. Hii ndiyo miaka ambayo Afrika Mashariki ilimjua. Mwaka 1970 alipanda Makerere kumenyana kwa hoja na Ali Mazrui wetu wa Mombasa, na wazee waliosoma enzi hizo bado hawajakubaliana nani alitoka na ushindi. Yeye na mkewe Patricia walipata mabinti wawili Dar, wakawaita Kanini na Asha. Kanini! Ukiita jina hilo soko la Machakos, akina mama kadhaa watageuka. Kifungua mimba wao, Shaka, alikuwa amezaliwa London.

Lakini kitu ambacho hakisemwi sana kuhusu Dar ni kwamba hata huko alikuwa anafuata vibarua. Pamoja na wanahistoria wenzake Kapepwa Tambila na Laurent Sago alichimbua habari za manamba, wale vijana walioandikishwa kutoka mbali wakapelekwa mashamba ya mkonge, mtu anajulikana kwa namba aliyopewa. Kazi hiyo ilichapishwa 1983, wakati yeye alikuwa kaburini tayari.

Kwa nini aliondoka Dar, mahali ambapo alikuwa anapendwa? Alieleza baadaye kwamba mtu anayetaka kufanya kazi na wananchi lazima awe na lugha yao mpaka kwenye utani, aweze kupita mtaani na kurusha mzaha ukapokelewa. Kiswahili alikuwa amejifunza, lakini aliona cha kiwango hicho kingemchukua miaka mingi. Kwao hakuhitaji kujifunza. Kwa hivyo 1974, chuo kikuu cha Guyana kilipomteua profesa wa historia, familia ikafunga virago.

Unga ilimwagika kabla hata haijaingia sufuria. Burnham, ambaye sasa ndiye alikuwa anaongoza nchi, hakumtaka pale, na uteuzi ukafutwa kwa amri kutoka juu. Msee ana PhD, ana bibi na watoi watatu, na nchi nzima hakuna darasa la kumpokea. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Vyuo vya Marekani na Ulaya vilikuwa vinamwita, na alikuwa anaenda huko kutoa mihadhara ndio watoto wale. Akimaliza, anarudi Georgetown. Kila mara anarudi. Nadhani hicho ndicho kilimsumbua Burnham zaidi ya maneno yote aliyosema.

Akiwa Georgetown siku zake zilikuwa mbili kwa moja. Mchana anajifungia kwenye hifadhi ya kumbukumbu za taifa, kati ya magazeti ya karne iliyopita, ripoti za magavana na ushahidi uliotolewa mbele ya tume za wakoloni. Shida ya historia ya watu wa chini ni kwamba hawakuandika. Aliyeandika ni mwenye shamba, hakimu, mkubwa wa polisi. Rodney alikuwa anasoma malalamiko ya tajiri kuhusu wafanyakazi wavivu na kutoa humo habari ya mgomo ambao tajiri hakutaka kuuita mgomo. Mwaka 1979 alitoa kitabu kizima cha maelezo ya mashamba ya miwa kutoka gazeti la Argosy, lililokuwa upande wa matajiri, ndio watu wajisomee jinsi wakubwa walivyokuwa wanawaona babu zao.

Kitabu kikubwa kikawa A History of the Guyanese Working People, 1881–1905, na kinaanzia kwa matope. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari maji yanapojaa. Kila shamba la miwa lilihitaji ukuta wa kuzuia bahari mbele, ukuta mwingine wa kuzuia maji ya kinamasi nyuma, na katikati mifereji ya kumwagilia, ya kutoa maji na ya kupitisha boti za miwa. Tume ya Waingereza ya 1948 ilikadiria kwamba kutengeneza mifereji hiyo kulihitaji kuhamisha angalau tani milioni 100 za udongo. Wengine waliisoma takwimu hiyo wakapita. Rodney aliishikilia. Udongo wenyewe ni mfinyanzi uliolowa maji, mzito kama chuma, na uliinuliwa na Waafrika watumwa kwa sepetu na mikono mitupu, wamesimama ndani ya maji. Kwa hivyo hiyo nchi ambayo watu wanaikanyaga, ardhi yenyewe, imetengenezwa na vibarua. Hakuna mnara wa ukumbusho, lakini mifereji iko, na maji yanapita hadi leo.

Utumwa ulipoisha kabisa 1838, waliokuwa watumwa walianza kununua mashamba yaliyoachwa. Mwaka 1839 watu 83 walichanga doo zao na kununua shamba la Northbrook, likawa kijiji cha Victoria. Ni chama kabisa, kama vile tunavyochanga huku kununua ploti. Matajiri waliona hatari: mtu mwenye shamba lake atakuja kwa kibarua akipenda tu, na atataka mshahara wa maana.

Dawa yao ilikuwa meli. Tarehe 5 Mei 1838 meli mbili, Whitby na Hesperus, zilifika na Wahindi wa kwanza, na hadi mpango huo ulipokufa 1917 walikuwa wameletwa karibu 239,000. Ulikuwa mkataba wa miaka mitano. Ukikosa kazi, unaenda kortini kama mhalifu, unapigwa faini au unatupwa ndani. Kutoka nje ya shamba ni mpaka uwe na karatasi ya ruhusa, na sisi ambao babu zetu walivaa kipande shingoni hatuhitaji kuelezwa hiyo ni nini. Tena tusiende mbali: Wahindi karibu 32,000 walioletwa kutandika reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901 walikuja kwa mikataba ya ukoo huo huo, na karibu 2,500 hawakurudi hai.

Hapa ndipo Rodney aligusa kidonda. Alionyesha kwamba sehemu ya gharama ya kuleta wahamiaji ilitoka kwa hazina ya serikali, yaani kwa kodi, na kodi ililipwa na huyo huyo Mwafrika wa kijijini kila aliponunua bidhaa za dukani. Unalipia tiketi ya mtu anayeletwa kushusha mshahara wako! Mwafrika akamwona Mhindi kama mwizi wa kibarua. Mhindi naye alipogoma, polisi waliotumwa kumpiga risasi wengi wao walikuwa weusi. Mwaka 1896, kwenye shamba la Non Pareil, vibarua watano wa Kihindi waliuawa hivyo. Tajiri alikaa juu barazani anaangalia chuki ikijipika yenyewe, bila yeye kugharamika kuni.

Rodney hakusema chuki haikuwepo, na hiyo ndiyo inafanya kitabu kiaminike. Aliandika mahali walipogawanyika na mahali walipokaribiana: kwa nyapara yule yule, mafuriko yale yale, mishahara ileile iliyokatwa bei ya sukari ilipoanguka. Kitabu kinafika mwisho na ghasia za 1905, zilizoanza makuli wa bandari ya Georgetown walipogoma, mgomo ukasambaa hadi mashamba ya miwa ya Ruimveldt, na polisi wakafyatua risasi.

Alijua pia kwamba kibarua hatasoma kitabu cha chuo kikuu. Ndio maana akaanza kuandikia watoto. Mpango ulikuwa kila kabila la Guyana lipate hadithi yake, jinsi mababu walivyofika, na watoto wa makabila mengine waisome. Cha kwanza kilikuwa Kofi Baadu Out of Africa. Cha pili, Lakshmi Out of India. Huyo ni Mwafrika anakaa usiku kuandika safari ya msichana wa Kihindi, kwenye nchi ambayo watu wa pande hizo mbili walikuwa wamechomeana nyumba miaka si mingi iliyopita.

Na jioni ndiyo ilikuwa zamu ya pili. Nyumba nyingi za Guyana zimeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, na pale chini watu wanafunga machela, wanapika, wanapiga stori. Huko ndiko Rodney alifundisha. Wakata miwa wa Kihindi, wachimba boksiti wa Linden ambao wengi ni Waafrika, yeyote aliyekuja. Hakuna ada, hakuna mtihani. Ukimnyima mtu kama huyo darasa, umempa nchi nzima.

Kutoka chini ya nyumba hizo kikapata nguvu chama cha Working People's Alliance, ambacho Wahindi na Waafrika waliingia pamoja, kitu ambacho hakikuonekana tangu 1953. Rodney jukwaani alikuwa mchezo mwingine. Alimwita Burnham King Kong hadharani na kusema kwamba huyu kila anachogusa kinageuka mavi. Watu walicheka. Dikteta anaweza kuvumilia kutukanwa. Kuchekwa ndiyo hapana.

Julai 1979 jengo lililokuwa na ofisi za chama tawala lilichomeka, na Rodney na wenzake wakakamatwa kwa kosa la kulichoma. Siku walipofikishwa kortini, padri mmoja Mjesuiti, Bernard Darke, aliyekuwa anapiga picha za maandamano, alidungwa kisu na kufa. Rodney alipata dhamana lakini akakatazwa kusafiri. Hilo halikumzuia kuchomoka kisiri 1980 hadi Zimbabwe kuona uhuru. Angeweza kubaki huko. Akarudi.

Jamaa aliyemmaliza alijifanya beste. Gregory Smith alikuwa sajenti wa jeshi aliyejuana na mambo ya elektroniki, na alijileta kwa chama akisema atawatengenezea redio za mawasiliano. Jioni ya 13 Juni, Walter na mdogo wake Donald waliichukua moja kwake. Maagizo yalikuwa kwamba waijaribu wakiwa karibu na ukuta wa jela ya Georgetown. Gari lilisimama, redio iko mapajani mwa Walter. Walter akafa. Donald akaponea na majeraha.

Smith alitoroshwa hadi French Guiana na kuishi huko mpaka alipofariki 2002, bila kusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Aliyeshtakiwa ni Donald! Mwaka 1982 alihukumiwa miezi 18 kwa kupatikana na vilipuzi. Vilipuzi vyenyewe ni vile vilivyomuua ndugu yake akiwa ameketi kando yake.

Mazishini maelfu walitembea barabarani, Waafrika na Wahindi wamechanganyikana. Kitabu cha vibarua kilitoka 1981, na mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya Albert J. Beveridge ya chama cha wanahistoria wa Marekani. Karatasi zake Patricia na watoto walizikabidhi maktaba moja ya vyuo vikuu Atlanta, ambako watafiti wanazifungua. Hadithi ya Lakshmi ilichapishwa mwaka 2000. Za Wachina, za Wareno na za wenyeji asilia hazikupata kutoka.

Tume ya uchunguzi iliundwa 2014, miaka 34 baada ya bomu. Ripoti yake ya 2016 ilisema kwamba mauaji yalipangwa na serikali, na kwamba Burnham, ambaye alikuwa amekufa tangu 1985, alijua na alihusika. Donald alisubiri zaidi. Korti ya rufaa ilimsafisha 2021, akiwa mzee.

Mwaka huo huo serikali ya Guyana ikatangaza kwamba cheti kitarekebishwa. Pale kwa sababu ya kifo, bahati mbaya itolewe, iandikwe ameuawa. Na pale kwa kazi, iandikwe profesa.